UZI: Betri na vyombo vibovu vya umeme hapa Amu (Lamu), tuvipeleke wapi?

Fundi wa Langoni

Assalaam aleikum jamani. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite.

Mimi ni fundi wa redio, simu na vyombo vidogo vya umeme. Mteja akiambiwa chombo chake hakina dawa, jibu huwa moja: "Basi baki nacho, fundi, hutakosa kitu humo." Kweli sikosi. Napata spika, skrubu, pengine transfoma. Kinachobaki ni bodi, plastiki, kioo na betri, na hivyo havina mwenyewe. Majumbani ni vivyo hivyo. Naitwa kutengeneza feni, nikipanda juu naikuta TV ya mgongo imefunikwa leso, friji bovu limegeuzwa kabati la nguo, na mkebe wa chaja ambazo simu zake zilishakufa zamani. Watu wa Amu hatutupi ovyo, twaweka. Lakini ikifika siku ya kuhama, au nyumba ipakwe chokaa kwa ajili ya harusi, vyote vyateremshwa siku moja na kupakiwa punda. Punda huyo haendi mbali: jaani, kichakani, au pale ufuoni tunapojaza taka tukisema twafukia.

Mazungumzo ya barazani huishia kwenye "kisiwani hakuna pa kupeleka". Mimi nasema pa kupeleka papo, ila ni kwa vitu fulani tu. Wanunuzi wa skrepu wanapakia mizigo kwenye mashua kwenda Mokowe, na kutoka pale ni lori mpaka Mombasa. Shaba yaenda, aluminiamu yaenda, betri za gari na za sola zaenda. Skrepu huchukua chenye bei. Kisicho na bei, yaani kioo cha TV, balbu, tyubu, betri ya simu iliyofura, mwili wa printa, chabaki nasi. Na hata hicho chenye bei huchukuliwa nusu: asidi humwagwa mtaani ili mzigo uwe mwepesi, waya huchomwa ili ibaki shaba tupu. Pesa yapanda mashua, sumu yabaki Amu.

Na maji tunayokunywa mjini yanatoka visima vya Shela, chini ya matuta ya mchanga. Mvua inanyesha, inapenya mchangani, sisi twavuta. Mchanga huzuia takataka zinazoonekana. Kilichoyeyuka majini hupenya pamoja na maji.

Nataka tuzungumze mambo mawili: kipi ni hatari kweli na kipi ni uchafu wa kawaida, halafu namna ya kuvitoa kisiwani. Karibuni.

---

Binti Mkomani

Wa aleikum salaam fundi. Mada nzuri, ila mwenzio nina swali la kike. Nyumbani kuna simu mbovu tele, na siwezi kumpa mtu hata moja. Zina picha za harusi, sisi kwa sisi ndani, vichwa wazi. Hata ikiwa kioo kimekufa, naambiwa picha zaweza kutolewa. Nitaipaje skrepu? Afadhali ioze kabatini.

---

Kijana wa Gadeni

Binti umesema kweli. Mama yangu simu zake amezifunga kwenye soksi 😂

---

Fundi wa Langoni

Usicheke, hiyo ndiyo sababu kubwa ya simu kujaa makabatini hapa mjini, na sijaona kampeni yoyote ya mazingira inayoitaja. Wanakuja na mapipa, wanapiga picha, hakuna mwanamke anayeweka simu yake mle. Wana haki.

Dada, ikiwa simu yawaka: toa laini, toa kadi ya kumbukumbu (memori kadi), ondoa akaunti yako ya Google kwanza, kisha ingia kwenye mipangilio uirudishe ilivyotoka kiwandani. Simu za Android za miaka ya karibuni huhifadhi kila kitu kwa siri yenye ufunguo wake, na ukiirudisha kiwandani ufunguo hufutwa. Picha zinabaki ni makorokoro yasiyosomeka. Simu za zamani sana hazina ulinzi huo, kwa hizo usitegemee kufuta peke yake.

Ikiwa haiwaki, nenda kwa fundi unayemwamini na usiondoke. Mwambie atoe betri kwanza, atoe bodi, halafu aitoboe ile chipu ya kumbukumbu kwa drili mbele ya macho yako. Kazi ya dakika chache. Betri lazima itoke kabla, maana drili ikigusa betri ya lithiamu hapo si simu tena, ni moto. Kadi ya kumbukumbu ikate kwa mkasi wewe mwenyewe. Kilichobaki mpe umpendaye.

---

Mvuvi wa Kizingitini

Nimesoma. Fundi, wewe ni kijana wangu lakini hapa umeingia kwenye maji yangu. Betri kuukuu ya gari huku kwetu si taka, ni mali. Twaivunja, twatoa madini ya risasi, twayeyusha kwenye sufuria, twamwaga kwenye kalibu ya mchanga, tumepata chubwi (vizito) za nyavu na za mishipi. Baba yangu alifanya hivyo, mimi nafanya, na tumeishi. Sasa waniambia ni sumu?

---

Fundi wa Langoni

Shikamoo mzee wangu. Nitajibu kwa kirefu kwa sababu katika uzi wote huu hili ndilo linaloninyima usingizi, kuliko simu na balbu zote.

Betri ya gari au ya sola ya aina ile nzito, zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Lakini haikukaa humo kama kipande safi. Ndani kuna vyuma vyembamba vilivyopakwa tope la risasi iliyochanganyika na asidi. Ukivunja, tope lile likikauka ni vumbi. Ukiweka motoni, risasi huyeyuka kwa joto la digrii 327 hivi, jiko la mkaa linafika na kupita, na lile tope haliyeyuki vizuri, linafuka na kubaki juu kama majivu. Yale majivu unayoyachota kwa kijiko na kuyarusha pembeni ya ua ndiyo mabaya kuliko yote. Yanakwenda kwenye mchanga wa uani, kwenye kanzu yako, kwenye mkeka.

Mtu mzima akivuta anaumia taratibu: shinikizo la damu, figo, maumivu ya tumbo yasiyojulikana yametoka wapi. Mtoto ni habari nyingine. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne mpaka tano zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kile kile kilichoingia mdomoni, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Inagusa ubongo. Mtoto haugui ukamwona, anakuwa mzito darasani, mkali, hashiki anachofundishwa. Nani atasema ni chubwi?

Na si mambo ya Ulaya haya. Owino Uhuru iko hapo Mombasa, upande wa Mikindani. Kulikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu mlango mmoja na nyumba za watu. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, mwanawe mchanga akaugua, akapimwa akakutwa na risasi mwilini. Aliacha kazi akaanza kupigana, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miaka yote hiyo watu wanazika, wanapima damu, wanapanda ngazi za korti. Walichovuta ni moshi ule ule wa sufuria yako, ila wao walipewa kwa wingi zaidi.

Ukisema "tumeishi", mzee wangu, sikubishii. Nakuomba tu uniambie sufuria ile baada ya kazi huenda wapi.

---

Mvuvi wa Kizingitini

Sufuria ni ya kazi hiyo tu. Hukaa jikoni nje.

---

Binti Mkomani

Nje na watoto wanacheza hapo hapo 🤦🏽‍♀️ Nakujueni.

---

Mvuvi wa Kizingitini

Haya, tuseme nimesikia. Nyavu nizizamishe kwa nini, kwa dua?

---

Nahodha Mstaafu

Zamani nyavu zilitiwa mawe na vipande vya matumbawe yaliyokufa, nimeviona kwa macho yangu. Siku hizi wengine wanamimina saruji kwenye vipande vya bomba. Saruji ni nyepesi kuliko risasi, lazima iwe kubwa, na kwa mshipi wa mkono haifai. Kwa jarife, ule wavu mkubwa, inafaa.

---

Fundi wa Langoni

Nahodha shukran. Kwa mshipi, mzee, nunua chubwi zilizokwisha kutengenezwa. Risasi ikiwa kipande kizima mkononi haikudhuru kama ile ya moshi na vumbi. Nawa mikono kabla ya kula na usiishike kwa meno, basi. Betri uiuze nzima, na asidi yake ndani. Pesa ya betri moja nzima itakununulia chubwi, na itabaki ya sukari.

---

Msimamizi wa Nyumba Shela

Huku Shela nyumba nyingi za wageni zina sola na inveta. Betri zikichoka fundi wa sola anakuja kuweka mpya, zile za zamani anawaachia walinzi "wapate cha chai". Tajiri hajui zinakwenda wapi na haulizi. Nimeona mlinzi mmoja akimimina asidi kwenye shimo la choo. Sikujua kama ni vibaya, nilidhani inaua wadudu.

Halafu swali: sasa wameanza kuleta betri mpya za lithiamu za sola, nyeupe, za kuning'iniza ukutani. Hizo zikifa?

---

Fundi wa Langoni

Shimo la choo la Shela na kisima cha Shela vyote viko kwenye mchanga mmoja. Sina la kuongeza.

Asidi ikimwagika kwa bahati mbaya, mimina magadi au soda ya kuokea mpaka iache kutoa povu, halafu zoa ukiwa na glavu. Ikikurukia ngozini au machoni, maji mengi, robo saa au zaidi, kisha hospitali. Na mikataba ya sola iandikwe tangu mwanzo: anayeleta betri mpya aondoke na ya zamani, na aseme anaipeleka kwa nani. Tajiri wa Shela anaweza kulazimisha hilo kwa sababu ndiye anayelipa. Mimi na wewe hatuwezi.

Lithiamu ni kesi tofauti. Haina risasi, kwa hiyo skrepu wa kawaida haitaki, na kwa upande wa sumu ya ardhini si mbaya kama ile nzito. Ubaya wake ni moto. Ikitobolewa, ikikunjwa, ikichajiwa kwa chaja ya kubahatisha au ikifura, inaweza kujipasha yenyewe ndani mpaka ikalipuka, na moshi wake ni wa kukimbiwa. Sasa fikirieni mji wetu: nyumba zimegusana, juu makuti, dari za boriti, vichochoro punda wawili wakikutana mmoja arudi nyuma. Gari la zimamoto litapita wapi? Sisi hatuna ruhusa ya kuwa na moto mdogo.

Kwa hiyo: simu ikianza kufura mgongo, usiichaji tena hata mara moja. Usiibonyeze irudi, usiitoboe "itoe hewa" (nimeona mtu akifanya hivyo kwa pini ya buibui). Ziba ncha zake kwa tepu, itie kwenye mkebe wa bati wenye mchanga mkavu, weka nje kivulini mbali na makuti. Mchanga twao, alhamdulillah. Ikiwaka na ni ndogo ya simu, maji mengi huipoza. Ikiwa ni ile kubwa ya ukutani, tokeni nje wote, msishindane nayo.

---

Kijana wa Gadeni

Fundi mimi nimeona video YouTube jamaa anatoa dhahabu kwenye bodi za simu kwa asidi. Nyuma ya kibanda chako si kuna utajiri?

---

Fundi wa Langoni

Dhahabu ipo. Katika tani nzima ya simu utapata gramu mia chache. Tani, kijana, si mkoba. Ili uitoe wachanganya asidi kali zinazotoa mvuke wa kukausha mapafu, halafu yale maji yaliyobaki yenye shaba na madude mengine utayamwaga wapi? Umesharudi Shela. Viwanda vinavyofanya kazi hiyo vina matanuri na vichujio vya moshi. Wewe una ndoo. Nenda kavue.

---

Mwalimu wa Faza

Naomba niingie upande wa betri ndogo, za tochi na redio. Huku visiwa vya kaskazini ndizo nyingi zaidi, pamoja na taa ndogo za sola. Watu wanazianika juani zipate nguvu, wanaziuma, zikikataa kabisa zinarushwa nje. Wengi wetu tuliosoma zamani tunakumbuka kuvunja betri za tochi, kutwanga ule weusi na majani, na kupaka ubao wa darasa uwe mweusi. Je, tulikuwa tunajipaka sumu?

---

Fundi wa Langoni

Mwalimu, hapa nitawapoza moyo kidogo. Betri za tochi za kawaida ni zinki, manganizi na kijiti cha kaboni. Zamani ziliongezwa zebaki kidogo, siku hizi viwanda vikubwa vimeacha. Si chakula, na zile za alkali zikivuja maji yake yanachoma ngozi, lakini kati ya vyote nilivyovitaja hizi ndizo nyepesi. Watu wa mazingira wakija huwa wanaanza na betri za tochi kwa sababu zinaonekana. Mimi naziweka mwisho. Zikusanye kwenye chupa kavu ya plastiki, zisubiri mzigo.

Ndogo ninazoziogopa ni zile bapa kama kifungo cha shati: za saa, za rimoti, za vikaragosi vinavyoimba. Mtoto akimeza na ikakwama kooni, umeme wake huchoma nyama ya koo, na saa mbili zatosha kuleta jeraha kubwa. Usimtapishe, usingoje kuona kama itatoka yenyewe, mkimbize hospitali apigwe picha ya eksirei. Kwa Faza hiyo maana yake ni boti usiku. Basi bora zisifike sakafuni. Ukibadilisha, zungushia tepu pande zote mbili papo hapo, kabla hujaweka mpya.

Na kwa kuwa tuko kwenye vidogo: zile balbu za mrija uliosokotwa (enaji seva) na tyubu ndefu zina zebaki, miligramu chache kila moja. Ikiwa nzima haina neno. Ikivunjika ndani, fungua madirisha, toeni watoto, subirini kama dakika kumi, usifagie kwa ufagio. Okota kwa karatasi ngumu, mabaki yafute kwa tepu, tia kwenye chupa yenye kifuniko. Za LED hazina zebaki. TV bapa za mwanzo mwanzo, zile nzito kidogo, ndani zina vimrija vyembamba vya zebaki pia.

TV ya mgongo usiivunje kabisa. Ile chupa ya kioo ndani yake hamna hewa, ikipasuka vipande huruka. Kioo chenyewe kimechanganywa na risasi, na kwenye TV kubwa ni kilo nzima na zaidi. Skrepu anaipasua shingo kwa nyundo atoe ule mkufu wa shaba, anaondoka. Tangu matangazo ya analogi yazimwe 2015 na ving'amuzi vikaingia, halafu TV bapa zikawa rahisi, hizi zimebaki kila dari ya Amu.

Friji: kabla halijawa sanduku la barafu la samaki, na hiyo ni kazi nzuri kwa friji bovu, mwite fundi wa baridi avute gesi kwenye chupa. Msikate bomba kwa msumeno. Gesi za zamani zinaharibu anga, na za mafriji mapya mengine zinashika moto.

---

Mlipa Ushuru

Yote mazuri, fundi, lakini kwa nini iwe kazi yetu? Kaunti iko wapi? Twalipa leseni ya biashara kila mwaka. Mnawazoesha wakubwa kutofanya kazi, nyie mkijitolea.

---

Mwalimu wa Faza

Mlipa Ushuru ana hoja, na sheria iko upande wake. Katiba imewapa kaunti kazi ya taka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inawataka watenge mahali pa kukusanyia na kuchambua. Na mwaka 2024 zilitoka kanuni za wajibu wa mzalishaji: anayetengeneza au kuingiza nchini vyombo vya umeme na betri anatakiwa agharamie kuvirudisha vikiwa taka. Si fadhila tena. Kwa hiyo duka linalokuuzia sola lina mtu juu yake anayetakiwa kulipa.

---

Mlipa Ushuru

Karatasi. Nani Amu amewahi kurudisha betri dukani akapokewa?

---

Fundi wa Langoni

Sijamwona. Lakini nimeona watu wakikataa kununua mpaka muuzaji achukue la zamani, na akachukua. Akikusanya mengi ataanza kumpigia simu aliyemuuzia. Kanuni haishuki yenyewe kutoka Nairobi, huvutwa na wanunuzi.

Na barua kwa kaunti iandikwe, mimi nitaitia sahihi. Ila barua isiombe "elimu kwa umma". Tumechoka na semina za soda na keki. Iombe chumba kimoja kikavu chenye kufuli karibu na gati, na sakafu ya saruji isiyopenyeza. Basi.

---

Mzaliwa wa Malindi

Salamu kutoka Malindi. Mnasema kama sisi tumeokoka kwa kuwa tuna barabara. Barabara yaleta skrepu wengi zaidi, na jioni ukipita nyuma ya mitaa utanusa waya zinachomwa. Ile harufu ya plastiki ya waya ina sumu inayoitwa dioksini, hudumu mwilini miaka. Afadhali nyie mzigo wote lazima upite gati moja, mwaweza kuuona. Ila hiyo lori yenu ya Mombasa, mmeuliza inaishia wapi? Isije ikawa mnatoa sumu Amu mnaipeleka kwa Owino Uhuru nyingine.

---

Fundi wa Langoni

Mzaliwa umegonga penyewe. Ndiyo maana sitaki tupakie tu. Kubeba taka hatari kwahitaji leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, na anayeyeyusha ahitaji yake. Skrepu akija, swali la kwanza lisiwe "kilo ngapi", liwe "leseni yako iko wapi, na mzigo unaishia kwa nani". Akicheka, funga mlango.

Kwa visivyo na bei kuna WEEE Centre ya Nairobi, wanapokea na kuvunjavunja vyombo vya umeme vya kila aina kwa utaratibu, na Safaricom imekuwa ikikusanya simu na chaja mbovu kwa kushirikiana nao. Pigeni simu kwanza muulize masharti, maana hakuna atakayetuma lori Mokowe kwa betri tatu na redio. Hapo ndipo penye kazi: mzigo uwe mkubwa. Mfano tunao. Jahazi la Flipflopi lilijengwa hapa hapa Amu kwa plastiki zilizookotwa, likashushwa majini 2018, na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Unguja. Plastiki hizo hizo tulikuwa tunasema hazina pa kwenda. Zilipokusanywa pamoja na kuchambuliwa, zikapata.

Ninachopendekeza: mafundi wa simu, redio na sola wa Amu na Shela tupokee kila mmoja kwake, ila kwa mafungu. Betri nzito peke yake, zimesimama wima ndani ya beseni la plastiki. Lithiamu peke yake, kwenye mchanga. Balbu kwenye maboksi yake. TV na skrini zisivunjwe. Bodi na waya pamoja, na atakayechoma waya aondoke kwenye mpango. Pesa ya vile vyenye bei isigawanywe mifukoni. Ilipe nauli ya vile visivyo na bei. Bila hilo tutarudi kule kule, shaba inaondoka na kioo kinabaki.

---

Kijana wa Gadeni

Hapo kwenye pesa ndipo mtakapogombana 😂

---

Binti Mkomani

Ndiyo maana daftari lishikwe na wanawake. Kikundi chetu cha akiba kinaweza. Na kwa simu tutaweka siku ya wanawake peke yao, fundi aje na drili yake aketi daka la nje, sisi twamletea bodi.

---

Fundi wa Langoni

Nakubali. Daftari lenu, drili yangu.

---

Nahodha Mstaafu

Kwa upande wa bahari: betri nzito zisiwekwe juu ya mizigo ya chakula, wala karibu na petroli ya mashine. Zikae katikati chini, ndani ya beseni, zimefungwa kamba zisilale bahari ikichafuka, ncha zimezibwa na mpira. Lithiamu zilizofura abiria wasipande nazo kabisa, ziende kwa mashua ya mizigo, mkebe wa mchanga ukae tezini ambapo mtu aweza kuusukuma majini ikibidi. Najua mtasema majini ni uchafuzi. Moto katikati ya mkondo ni wafu. Mwanangu ana mashua, atachukua mzigo wa kwanza kwa nusu nauli. Wa pili mtalipa.

---

Msimamizi wa Nyumba Shela

Kwangu kuna betri nne za sola chini ya ngazi. Walinzi wanaziulizia. Nitawaambia bei watapata ile ile, ila zisubiri?

---

Fundi wa Langoni

Waambie watapata, na uwalipe kabla, usiwaahidi. Mlinzi akingoja pesa wiki mbili atazivunja usiku. Binti aandike.

---

Mvuvi wa Kizingitini

Mimi ninazo mbili, na moja nilishaivunja mfuniko. Alhamisi natuma na boti ya abiria asubuhi.

---

Fundi wa Langoni

Ile nzima tuma, mzee, wima, ndani ya ndoo. Iliyovunjwa usitume na abiria. Iache kwenye beseni la plastiki, funika, watoto wasikaribie, nitakuja nayo mwenyewe kwa mashua ya mizigo. Na asidi iliyobaki ndani usiimwage.

---

Mvuvi wa Kizingitini

Na sufuria?

---

Fundi wa Langoni

Na sufuria nayo. Itoboe kwanza, isije ikapikiwa wali.